Jina Kwenye Kioo cha Redio

Shida ya Aristides jioni ile ilikuwa ndogo, ya kumalizwa na fundi kabla chai haijapoa. Redio ya gari lake ilikuwa inakatika.

Alikuwa ameshusha magunia sita ya maharage kwa mama ntilie wa Nyakanazi, pale njia panda ya malori ambako mtu anaweza kula wali saa tisa usiku na asiwepo wa kumshangaa. Kufika saa kumi na moja jioni kazi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni safari: kupita Lusahunga, kupita Nyakahura, kukata pori, kisha Kibimba, wilaya ya Ngara, kwa mama yake mzazi. Kesho yake kulikuwa na misa ya kumkumbuka marehemu baba yake. Mkewe Anneth alikuwa ametangulia tangu juzi kwa basi ili asaidie mapishi. Aristides alibaki nyumbani Runazi kumalizia maharage, na binti yao akabaki naye kwa sababu shule zilikuwa hazijafungwa.

Binti mwenyewe alikuwa kiti cha mbele cha Probox, anakula chipsi mayai kwa kijiti, miguu haigusi chini. Jina lake Jalala.

Usicheke. Jina hilo lilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa makaburi mawili.

Wa kwanza wao, Wiston, alikuwa na miaka mitano. Jioni moja akicheza nyuma ya nyumba aliitwa kwa jina lake kutoka migombani. Sauti ya mwanamke. Akaitika "Naam!" kama mtoto aliyefunzwa adabu. Usiku ule homa ikampanda, siku ya tatu wakazika. Wa pili, Zita, alikuwa na miaka sita na nusu. Naye aliitwa vile vile, akaitika vile vile, akaondoka vile vile. Hospitali walisema ni malaria, na huenda ilikuwa malaria kweli. Lakini safari ya pili Anneth aliisikia ile sauti kwa masikio yake akiwa anapepeta maharage, na alijua kwamba wanawake wote wa jirani walikuwa msibani kijiji cha pili.

Alipozaliwa wa tatu, bibi yake, Avelina, alifunga safari kutoka Kibimba akaja kufanya yale ambayo wazee wa ukoo wake humfanyia mtoto anayezaliwa baada ya vifo. Siku ya nane alimlaza juu ya lundo la taka, kwenye maganda na majivu, akaondoka bila kugeuka nyuma. Jirani yao Bonifasia akapita kama asiye na habari, akaokota "taka" yake, akaileta mlangoni. Tangu hapo mtoto akaitwa Jalala, ili chochote kinachopita kikitafuta watoto wazuri kimwone uchafu, kijiendee zake. Padri alimbatiza jina la yule jirani. Jina lake hasa, lile bibi alilomnong'oneza sikioni kabla ya kumlaza jalalani, lilijulikana na watu watatu tu: bibi, baba na mama. Halikuandikwa popote. Mwenyewe angeambiwa siku atakapovuka umri wa waliomtangulia.

Sasa alikuwa na miaka sita na miezi minne.

Turudi kwenye redio. Tangu azike watoto wake, Aristides alikuwa hawezi kuendesha gari kimya kimya. Kwenye ukimya mtu husikia mambo. Kwa hiyo alijaza simu yake nyimbo za kwaya, akaiunga na redio kwa blutuzi, akawa anapita mapori huku soprano na besi zimejaa garini. Lakini kwa wiki tatu mfululizo nyimbo zilikuwa zinakatika, tena mahali pale pale.

"Inakatikia wapi, kaka?" aliuliza fundi Bulugu, kijana wa Kisukuma mwenye kibanda cha simu na redio jirani na kituo cha mafuta. Kazi yake nzuri, maneno yake mengi.

"Porini. Ukishapita Nyakahura, kabla ya kupanda mlima."

"Porini hakuna mtandao."

"Nyimbo zimo ndani ya simu, fundi. Zinataka mtandao wa nini?"

Bulugu akacheka. "Haya, kumbe unajua. Nilikuwa nakupima. Simu unaiweka wapi?"

"Mfuko wa nyuma."

"Unaikalia! Blutuzi haipendi kukaliwa. Iweke hapa mbele, ionane na redio."

Akaishika simu, akazima ile hali ya kubana betri ambayo, alisema, huilaza blutuzi kama mlevi. Kisha akaingia kwenye kumbukumbu za redio, akapiga mluzi.

"Hii redio yako ina mabwana tisa, kaka! Kila simu iliyowahi kuungwa humu bado inaikumbuka. Mmoja akipita tu barabarani, inageuza shingo. Itaacha vipi kukatika?"

Aristides akakohoa na kumwangalia mtoto kwa jicho la pembeni. Bulugu akaanza kufuta. Simu ya kwanza, ya pili, ya tatu... Alipofika ya mwisho akasita.

"Hii haina jina."

"Vipi haina jina?"

"Mstari mtupu. Naifuta, inarudi." Akabonyeza tena. "Umeona? Imerudi. Labda ya dereva wa lori lililo karibu. Achana nayo, itaondoka na mwenyewe."

Kilichowachelewesha kilikuwa kuiunga simu upya. Redio ilipotafuta simu zilizo jirani, kioo kikajaa majina kumi na mawili yanayofanana, maana njia panda nzima watu wana simu za aina moja na hakuna anayejali kubadilisha jina la kiwandani. Mara mbili Bulugu alichagua, mara mbili muziki wa Kikongo wa dereva asiyejulikana ukavuma ndani ya Probox. Jalala akacheka mpaka chipsi zikamwagika.

"Ibatize simu yako," Bulugu akasema huku akimpa. "Andika jina ambalo hapa Nyakanazi hakuna mwingine mwenye nalo. Upesi, nataka kufunga."

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya malori. Aristides alifikiria pori, akafikiria mama yake aliyekuwa anasubiri. Haraka haraka haina baraka, lakini nani aliwahi kuikumbuka methali hiyo akiwa na haraka? Na tusimwonee: mtu aliyebeba jina la mwanawe moyoni miaka sita, neno zuri kuliko yote anayoyajua, bila kupata hata ukuta wa kuliandika, ipo siku mkono utamponyoka. Hapa hakuna Mhangaza, mtu wa kwetu Ngara, wa kulisoma, alijiambia. Nikifika nalifuta.

Kidole kikaandika. Ishimwe.

"Ndiyo nini hiyo?" Bulugu akauliza.

"Jina tu."

Kwenye kioo likatokea moja tu, peke yake, wazi kama jua. Wakaliunga. Kwaya ikapasuka kwa nguvu kwenye spika zote nne, na Aristides alijisikia raha kama mtu aliyevuliwa kiatu kilichombana.

"Nimeiacha ionekane kwa wote," Bulugu alisema akifunga kibanda. "Ndivyo redio itakavyoipata upesi. Na kitu kimoja, kaka, hizi redio zina ubishi. Ikishashika jina, hailiachii mpaka uipe jingine."

Walipita Lusahunga taa zikiwashwa madukani. Muziki haukukatika hata kidogo. Walipofika Nyakahura giza lilikuwa limeingia, na Aristides akawa anaimba besi kwa sauti mbaya aliyojaliwa. Jalala aliinama mbele ya redio. Alikuwa darasa la kwanza, katika ule msimu ambao mtoto husoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye sabuni.

"I... shi... mwe."

Besi ikafa kooni.

Kwenye kioo chembamba cha redio, kwa herufi za bluu, jina lilikuwa linapita kutoka kulia kwenda kushoto. Linaisha, linaanza. Linaisha, linaanza. Kule kibandani hakuwaza kwamba lingebaki likipita hivi.

"Baba, Ishimwe ni nani?"

"Si mtu. Ni jina la simu."

"Ni zuri," mtoto akasema.

Aristides akachomoa leso, akaining'iniza juu ya kioo. Alitaka kusimama alifute palepale. Lakini kulia na kushoto tayari ilikuwa miti mitupu, na kila dereva wa upande ule anajua kwamba porini husimami. Nitalifuta tukitoka, akajiambia, akakanyaga mafuta.

Hawakuwa wamefika mlimani.

Kwaya ikakatika.

Haikukatika kama siku zote, ule mkato wa ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Sauti zilipungua moja moja. Besi zilitangulia kunyamaza, zikafuata sauti za kati, mwisho kabisa ikabaki soprano moja, nyembamba, imeshikilia noti yake... ikishikilia... hata ikawa si wimbo tena.

Ilikuwa pumzi.

Mtu alikuwa anapumua ndani ya spika. Taratibu. Kama aliyetembea sana.

Halafu ikaja harufu. Samli. Samli iliyochacha, ile ya kibuyu kilichosahauliwa darini tangu masika. Ilijaa garini na vioo vyote vilikuwa vimefungwa.

"Baba..."

"Nyamaza."

"Baba, kuna mtu nyuma?"

Aliangalia kwenye kioo cha juu. Magunia matupu ya maharage yalikuwa yamekunjwa pale pale alipoyakunja. Hapakuwa na mtu. Akabonyeza kitufe cha kuzima redio. Taa ya kitufe ikazimika, lakini chini ya leso ule mwanga wa bluu ukaendelea kutembea, kulia kwenda kushoto.

Ndipo spika ya mlango wa upande wa mtoto ikasema, kwa upole kabisa:

"Ishimwe."

Jalala alifungua mdomo. Mtoto aliyefunzwa adabu akiitwa kwa upole huitika, na ingawa hakuwahi kulisikia jina hilo maishani mwake, kitu fulani ndani yake kililijua ni lake. Aristides aliliona hilo usoni pake. Akaachia usukani kwa mkono mmoja, akamziba mdomo, gari likayumba hadi ukingoni mwa lami.

"Usiitike," akamnong'oneza. "Hata nikikwambia mimi, usiitike. Umesikia? Tikisa kichwa."

Kichwa kikatikisika. Machozi ya moto yakamdondokea mkononi.

"Ishimwe?" Sasa ilikuwa spika ya nyuma. Na sauti ilikuwa ya Anneth. Ilikuwa Anneth mtupu, na ile mikwaruzo yake ya asubuhi. "Ishimwe, mwanangu, njoo kwa mama."

Mtoto alianza kufurukuta chini ya kiganja.

Alisimamisha gari. Ndiyo, porini. Kuna wakati kanuni zote za barabarani huwa upuuzi. Akambana mtoto kifuani kwa mkono wa kushoto, mdomo umezibwa, kwa mkono wa kulia akaichukua simu. Aliizima blutuzi. Mwanga wa bluu ukaendelea. Aliizima simu yenyewe, kioo kikawa cheusi. Mwanga wa bluu ukaendelea. Leso ilikuwa imeanguka, na jina lilikuwa linapita kwa kasi zaidi, kama mtu anayepiga hatua ndefu.

Ikishashika jina, hailiachii mpaka uipe jingine.

Aliiwasha simu. Hakuna kitu duniani kinachochelewa kama simu inayowaka. Nje, upande wa mtoto, majani makavu yalikuwa yanalia.

Kwasss... Kwasss... Kwasss...

Mtu mwenye miguu iliyochoka. Hana haraka.

Simu ikawaka. Akafungua blutuzi, akaingia mahali pa jina, akafuta lile la zamani. Akajaribu kuacha patupu, simu ikakataa. Akaandika kitu cha kwanza alichokiwaza. Maharage. Kioo cha redio kikapepesa, kikaonyesha herufi mbili tatu... kisha Ishimwe akarudi, anapita.

Mwenye kuita hakutaka vitu. Alitaka mtu.

"Ishimwe," ikasema sauti. Haikutoka kwenye spika tena. Ilitoka dirishani.

Sasa mwone Aristides alivyo, maana hili hajamwambia mwingine zaidi ya mama yake. Jina lililomjia kwanza lilikuwa Bulugu. Si ndiye aliyemtia kwenye balaa hili? Akaandika B, akaandika u, akaandika l. Kidole kilikuwa juu ya herufi ya nne alipowaza kwamba Bulugu naye ana mama, tena labda muda huu anamwekea ugali. Akafuta kwa uchungu. Mimi ni mtu mzima, akasema moyoni. Mtu mzima anaweza kunyamaza.

Akaandika jina lake mwenyewe.

Kioo kikapepesa. Kikakaa giza kwa muda wa kumeza mate.

ARISTIDES, kikasema kwa bluu. ARISTIDES. ARISTIDES.

Majani yakaacha kulia. Hatua zikazunguka gari polepole, zikipita mbele ambako taa zilikuwa zinawaka, na katika mwanga ule hakupita mtu yeyote. Zikasimama upande wake wa dirisha. Harufu ya samli ikamkaba.

"Aristides," ikasema sauti, karibu kabisa, kama inayolijaribu kwanza mdomoni.

Aliuma ulimi mpaka akaonja damu. Akatia gia, akaondoka.

Kibimba walifika saa mbili na nusu. Anneth alitoka mbio akitaka kuuliza wamechelewa wapi, akaona uso wa mumewe, akamshika mtoto mkono. Jalala akasema "Shikamoo bibi" kisha akakataa kusema neno jingine. Avelina hakumwitikia marahaba. Alikuwa anainusa nguo ya mtoto.

"Samli," akasema kikongwe, akaketi chini kwenye ukumbi. "Mmempitia wapi?"

Aristides alimweleza yote, na simu, na redio, na jina. Anneth aliposikia jina liliandikwa, alimpiga mumewe kofi mbele ya mama mkwe, na mama mkwe hakumkataza.

"Nilidhani amechoka kutafuta," Avelina alisema. Alisema kwa kunong'ona, kwa sababu wageni wa misa walikuwa wamelala chumba cha pili. "Anaitwa Kankindi. Ndiye mke wa kwanza wa baba yenu. Hakuzaa. Mimi nililetwa kwa sababu hiyo, nikazaa, na nilipozaa nikataka nyumba iwe yangu. Baba yenu alimfukuza msimu wa mvua, kibuyu chake cha samli mgongoni, aende kwao Biharamulo kwa miguu. Usiku ule alirudi akagonga. Mvua kubwa. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na komeo."

"Ukafungua?" Aristides akauliza.

Kikongwe akageukia mlango.

"Kwao hakufika," akasema. "Wala hakuna aliyekwenda kumtafuta porini, wala kumlilia. Alipokuwa hapa watu walimwita tasa, hata watoto. Hakuna mtoto aliyewahi kumwitikia kwa heshima. Nadhani hicho ndicho anachokitafuta. Akimpata wa kumwitikia, anakwenda naye. Sijui zaidi, na hata haya ninayajua kwa kukisia."

Usiku ule ule walimtoa mwanambuzi wa siku tano, mweupe, Avelina akamnong'oneza sikioni jina la Ishimwe, akaapa mbele yao kwamba mjukuu wake hana jina hilo tena. Asubuhi walikwenda misani. Siku ya tatu mwanambuzi alikutwa bandani amekufa, hana jeraha, shingo imegeukia njia ya kwenda porini. Anneth alilia kwa furaha, akimkumbatia mtoto hadi akamuumiza.

"Na la kwangu?" Aristides aliuliza.

"Jina la mtoto ni jepesi, linabanduka," mama yake alisema bila kumtazama. "La mtu mzima lina mizizi. Limo kwenye cheti cha ndoa, limo kwenye madaftari ya kanisa, limo vinywani mwa watu. Nalibandua vipi? Wewe usiitike tu, mwanangu. Usimwitikie usiyemwona."

Waliporudi Runazi, redio aliing'oa akaifukia, simu akaitupa chooni. Haikusaidia, wala hakutegemea isaidie. Ilianza wiki ile ile. Jua likizama, kutoka migombani: "Aristides." Kwa sauti ya mkewe. Kwa sauti ya katekista. Siku moja kwa sauti ya Bulugu, pamoja na kicheko chake. Yeye akawa ananyamaza. Aliwaambia watu wote: ukinitaka, njoo mbele yangu nikuone, ndipo uniite. Majirani wakasema maharage yamemtia kiburi. Kaka zake wakaacha kumpigia. Anneth akazoea kumgusa bega. Jalala alifundishwa kwamba baba haitwi kwa mbali kamwe, na alikuwa mtoto msikivu. Wiki sita zikapita. Akapunguza woga. Akaanza hata kutania kwamba bibi huyu sauti zitamwishia.

Jumamosi moja Anneth alikwenda mazoezi ya kwaya. Aristides alikuwa uani anachambua maharage kwa mwanga uliobaki. Alikuwa amemtuma Jalala kwa Bonifasia kuomba chumvi, na alijua kabisa kwamba mtoto kuchelewa kwa Bonifasia ni kawaida, kule kuna paka amezaa.

"Baba!"

Kutoka migombani. Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Baba! Baba, nyoka!"

Si yeye, akajiambia. Mwanangu anajua haniiti kwa mbali.

"Baba, ameniuma! Baba, mguu! Ba..." Sauti ikavunjika ikawa kilio, kile kilio cha mtoto anayevuta hewa na haiji.

Aliinuka akachungulia ndani. Mkeka mtupu. Chumba kitupu. Njia ya kwenda kwa Bonifasia ilikuwa inapita kandokando ya migomba ile, na mtoto aliyeumwa na nyoka hakumbuki masharti ya mtu. Akamwona Wiston amelazwa mezani. Akamwona Zita. Akajiona yeye, amekaa hapa anachambua maharage kwa woga wa maiti, huku wa tatu anamalizikia hatua thelathini kutoka mlangoni pake.

"Baba yangu..." Sasa ilikuwa ndogo sana.

Ungo ukaruka, maharage yakatawanyika ua mzima, Aristides akakimbia kuelekea migombani akipiga kelele kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Naam! Naam, mwanangu! Nakuja!"

Kilio kikakoma papo hapo. Migomba ikatulia, hata jani moja halikusogea.

Nyuma yake, kwenye lango la ua, Jalala alikuwa amesimama na chumvi yake ndani ya karatasi. Alimtazama baba yake, akatazama migomba, akatazama tena baba yake.

"Baba," akauliza, "unamwitikia nani?"